Chiriku Aliponyamaza

Jina la Chiriku alipewa na shangazi yake, kwa sababu ya mdomo. Chiriku ni ndege mdogo asiyejua kunyamaza, na binti huyu alikuwa hivyo hivyo. Aliongea akiamka. Aliongea akivaa viatu. Usiku aliongea mpaka usingizi ukamkatiza katikati ya neno. Siku majirani wasipomsikia, waliuliza kama amesafiri.

Baba yake alikuwa mwokaji wa mikate. Duka lake lilikuwa na dirisha moja la kuuzia na, nyuma yake, chumba cha tanuri. Humo alikanda unga tangu alfajiri, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Mama alikaa dirishani, akiuza na kupokea maagizo ya keki. Watu walimwita baba Bwana Mkate, naye hakuchukia.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na minne. Akitoka shule alipitia dukani. Kazi yake ilikuwa moja, na hakuna aliyeiweza kama yeye. Aliandika maneno juu ya keki. Alishika mfuko wa krimu, akaukamua taratibu, na herufi zikatoka zimelala sawa.

Siku moja fundi baiskeli alikuja kuagiza keki ya mke wake.

"Niandikie 'Nakupenda'," alisema.

"'Nakupenda' tu?" Chiriku aliuliza. "Keki kubwa namna hii? Tuongeze 'na unisamehe', mjomba. Nafasi ipo."

Fundi baiskeli alikuna kichwa. "Wewe mtoto, nani kakwambia?"

Mama alicheka hadi akashika ukingo wa dirisha. Baba naye alimkumbatia binti yake kwa mikono yenye unga, akamwacha na alama nyeupe mgongoni. Ndivyo siku zilivyokwenda katika nyumba hiyo.

Kisha ikaja kiu.

Chiriku alikunywa maji, akarudi akanywa tena. Alimaliza jagi peke yake. Alikwenda chooni mara kwa mara, hata usiku. Alikula vizuri, lakini sketi yake ya shule ilianza kumvuka kiunoni. Darasani alisinzia.

"Mwanangu, umekuwa mtungi uliotoboka?" Mama alimtania.

"Mwache, anarefuka huyo," Baba alisema.

Tusiwalaumu. Mtoto akinywa maji, nani hukimbilia kwa daktari? Lakini kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kukonda na uchovu, vikija pamoja, ni dalili. Hawakujua. Wakajua siku Chiriku alipoanguka kwenye chumba cha tanuri, mfuko wa krimu ukiwa bado mkononi.

Hospitalini walimtoa damu wakapima. Daktari aliwaita wazazi pembeni.

"Binti yenu ana kisukari, aina ya kwanza," alisema. "Mwili wake hautengenezi tena insulini. Tutampa kwa sindano, kila siku."

"Mpaka lini?" Mama aliuliza.

"Maisha yake yote."

Mama alikaa chini palepale, sakafuni, ingawa benchi lilikuwa karibu.

Shangazi alifika na kikapu mkononi na maneno mdomoni. Mwanamke huyu hana roho mbaya. Ila yeye husema kwanza, kufikiri hufuata akiwa njiani kurudi nyumbani.

"Kisukari? Mtoto huyu?" alisema mlangoni mwa wodi. "Si ugonjwa wa watu wazima huo? Lakini kaka, na wewe! Mtoto umemlea ndani ya krimu na keki. Ulitegemea nini?"

Baba aliinamisha kichwa. Aliangalia mikono yake. Kucha bado zilikuwa na unga.

Kabla ya kuwaruhusu, nesi aliwafundisha kupima sukari kwa tone la damu ya kidole. Aliwafundisha kuchoma sindano tumboni au pajani. Alieleza mengine mengi pia. Lakini Baba alisikia nusu tu. Kila nesi alipotaja sukari, yeye alisikia jina lake likitajwa.

Waliporudi nyumbani, Baba alianza vita na sukari. Alichukua kopo la sukari akalipeleka dukani, asiache hata punje. Wageni walikunywa chai isiyo na sukari huku wamekunja nyuso. Jioni, kabla ya kuingia ndani, alisimama kwenye bomba la uani. Alivua shati la kazi. Alijisugua kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajisuuza, akajisugua tena. Ndipo aliingia. Na akishaingia, hakumgusa binti yake. Alimuuliza, "Umechoma?" Chiriku akisema ndiyo, basi, Baba alikwenda kukaa.

Chiriku alimwangalia kupitia dirisha. Alihesabu moyoni: Baba ananawa kabla ya kunikaribia. Baba hanikumbatii tena. Baba ananiogopa.

Akiba ya maneno ilikuwa haijamwishia. Ijumaa moja aliuliza, "Baba, kesho nije dukani? Kuna keki za kuandika."

"Hapana."

"Keshokutwa je?"

"Duka si mahali pako tena," Baba alisema. Akageuka haraka ili machozi yake yasionekane.

Chiriku aliona mgongo tu. Tangu hapo akanyamaza. Aliitika akiitwa, akajibu akiulizwa, basi.

Mama aliona, na roho ilimuuma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini hakujua la kusema, akasema lile ambalo wengi wetu husema.

"Jikaze, mwanangu. Kuna watoto wana magonjwa mabaya zaidi."

"Sawa, Mama."

Huko dukani Baba alijaribu kuandika keki mwenyewe. Neno "Hongera" lilianza chini kushoto, likapanda mlima, likaishiwa nafasi. Mteja mmoja alitazama, akauliza kama kuku amepita hapo. Zamani wangecheka wote. Siku hiyo Mama alimrudishia mtu yule nusu ya pesa, na Baba akarudi kwenye unga wake.

Na Chiriku? Mchana mmoja alikuwa chumbani peke yake. Alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Aliiangalia. Alifikiria ile ya jioni, na ya kesho, na ya mwaka kesho, na ya siku atakapokuwa bibi kizee. Kisha alinyoosha mkono dirishani, akabonyeza, dawa ikaingia ardhini.

Alingoja jambo baya litokee. Halikutokea. Alikula, akalala, akaamka. Huo ndio ulikuwa mtego. Siku iliyofuata alimwaga tena. Aliacha na kupima. Mama akiuliza, "Sukari iko ngapi?" alitaja namba yoyote nzuri iliyomjia.

Hakutaka kufa. Naomba hili lieleweke. Alitaka siku moja tu ya kuwa mtoto wa zamani, asiyepimwa, asiyeulizwa. Siku moja ikavuta nyingine.

Kiu ikarudi. Baada ya kiu, tumbo likaanza kuuma. Asubuhi moja Mama alimkuta ametapika kitandani. Alikuwa anahema kwa nguvu, kama mtu aliyekimbia mbio ndefu, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mama alimwita, naye akafungua macho kidogo tu.

"Baba Chiriku!" Mama alipiga ukelele. "Baba Chiriku, njoo! Mtoto anakwenda!"

Dukani hapakuwa mbali. Baba aliacha kinyunya mezani, akaja mbio. Alimbeba binti yake vile vile alivyokuwa, unga mikononi, unga kifuani. Chiriku alikuwa mwepesi kuliko gunia la unga.

"Baba," Chiriku alinong'ona, "hujanawa."

"Nyamaza, mwanangu. Tunakwenda hospitali."

"Utaambukizwa."

Baba alisikia neno hilo, lakini hakusimama. Alizidisha mwendo, na njia nzima alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima, mbele za watu.

Madaktari walimtundikia maji, wakampa insulini kwa mshipa. Walisema wangechelewa zaidi kidogo, wangempoteza. Chiriku alirudi polepole. Kwanza pumzi ilitulia, kisha macho yakaona, kisha akaomba mto wa pili.

Nesi wa kliniki ya kisukari alikuja alipopata nafuu. Ni yule yule aliyewafundisha mara ya kwanza, mama mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Mama alikuwa upande wa pili. Baba na Shangazi walisimama karibu na mlango.

"Binti yangu," nesi alisema, "uliacha sindano?"

Chiriku aligeukia ukuta.

"Sikuulizi ili nikugombeze. Nimeuguza watoto wengi wenye kisukari. Wengi huiacha siku moja au nyingine. Si watoto wabaya. Wamechoka."

Kisha sauti ikatoka ukutani.

"Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

"Na sindano. Na kuulizwa. Na..." Akaanza kulia. "Na Baba kuniogopa."

"Mimi?" Baba alisema. "Mimi nikuogope wewe?"

Chiriku aligeuka. "Unanawa kabla ya kuingia nyumbani! Hunishiki! Umenifukuza dukani! Kama ugonjwa wangu unaambukiza, niambieni. Nimekuwa mtoto wa kukimbiwa."

Baba alisogea kitandani.

"Nilikuwa nanawa sukari," alisema. "Mwanangu, nilikuwa nanawa sukari. Niliogopa nikuletee nyumbani. Mimi ndiye niliyekutia ugonjwa huu. Keki zangu. Mikono yangu hii. Ningekushikaje kwa mikono hii hii?"

Mama alijifunika uso kwa kanga. Hata yeye hakuwa amelijua hilo. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, na mumewe amebeba mzigo huo peke yake.

"Baba," nesi alimwambia, "nani alikwambia wewe ndiye sababu?"

Shangazi aliangalia sakafu kana kwamba ameangusha kitu.

"Basi nisikilizeni wote," nesi alisema, "na mara hii msisikie nusu. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na kula keki. Hakiletwi na peremende wala soda. Mwili una walinzi wake wa kupigana na magonjwa. Kwa baadhi ya watu walinzi hao hukosea. Hushambulia sehemu ya ndani inayotengeneza insulini, wakaiharibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nini imtokee huyu na si yule, hata madaktari hawajui kwa hakika. Angeweza kuzaliwa kwa mchonga mawe, asiyejua keki, na bado akaugua."

"Hakika?" Baba aliuliza.

"Hakika. Na hakiambukizi. Si kwa kugusana, si kwa kikombe, si kwa pumzi. Mkumbatie mtoto wako, kwani ulikuwa unangoja kibali changu?"

Baba alimkumbatia. Sitaeleza kilio kilichofuata. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitazama pembeni kwa heshima.

"Na insulini inafanya nini hasa?" Mama aliuliza baadaye, akipangusa macho.

"Nyinyi mna tanuri," nesi alisema. "Kuni zikijaa uani, na hakuna mtu wa kuziingiza ndani, mkate utaiva?"

"Hautaiva," Baba alisema.

"Chakula ndicho kuni. Insulini ndiye anayeziingiza. Bila insulini, sukari inarundikana kwenye damu na mwili unakaa na njaa. Ndiyo maana alikonda huku anakula. Na ndiyo maana sindano haiachwi hata siku moja."

"Sukari ile niliitoa yote nyumbani," Baba alisema, akitegemea kusifiwa.

"Irudishe leo hii! Wakati mwingine sukari yake itashuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Hapo maji yenye sukari, ayanywe haraka, ndiyo yatakayomwokoa. Asipoweza kumeza msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Na awe na sukari kidogo mfukoni kila aendako."

Baba alishika kichwa.

"Na keki?" Chiriku aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza baada ya siku nyingi.

"Kipande kidogo, pamoja na mlo, na kipimo cha sindano yako kikihesabu kipande hicho. Tutafundishana. Kuandika juu yake hakuna kipimo. Andika mpaka mkono ukauke."

Kisha nesi akavaa miwani yake, akamtazama Mama.

"Mama, ulipomwona ananyamaza, ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ajikaze."

"Ulimpenda, najua. Lakini anayeambiwa ajikaze hujifunza kujificha. Mtoto huyu amepoteza kitu. Alikuwa anakula bila kupima, anacheza bila kufikiri. Hicho hakirudi. Aliyepoteza hulia, na hukasirika, na kuna siku hataki kuongea. Mwacheni alie. Na nyinyi lieni, mbele yake, ajue hayuko peke yake. Mlikuwa watu watatu katika nyumba moja, kila mmoja analia chumba chake."

Alimgeukia Chiriku.

"Na wewe, ukichoka, usimwage dawa. Sema, 'Leo nimechoka.' Atakuwepo mtu mzima wa kupima na kuchoma siku hiyo. Kazi hii ni kubwa, haimtoshi mtoto mmoja. Huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, ukakosa usingizi, ukakosa hamu ya kula, au ukaona afadhali usiwepo, njoo uniambie mimi. Hiyo nayo inatibiwa. Kuna vijana wenzako hukutana hapa kliniki. Watakwambia mambo ambayo mimi sijui, kwa sababu sijawahi kuchomwa sindano hizo."

Walipokuwa wanatoka wodini, Shangazi alimshika kaka yake mkono.

"Kaka, huu mdomo wangu," alisema. "Nisamehe."

"Umeshasamehewa," Baba alisema. "Ila siku nyingine fikiri kwanza ndipo uje."

Sitasema kwamba baada ya hapo furaha ilijaa nyumbani. Hapana. Ugonjwa haukuondoka. Kopo la sukari lilirudi kwenye rafu, na Mama alisimama karibu Chiriku alipochoma, bila kumhoji kama polisi. Baba alijifunza kupima. Chiriku alirudi dukani, na keki zikapata tena mwandiko wa kusomeka. Kliniki alikutana na kijana mmoja mchomelea vyuma, mwenye kisukari tangu utotoni. Kijana huyo alimwambia kuwa yeye huitukana sindano yake kila asubuhi, kisha anajichoma. Chiriku alirudi nyumbani akicheka. Lakini zilikuwepo pia siku alizorusha mashine ya kupimia kitandani akafunga mlango. Mama hakusema "jikaze". Aliketi nje ya mlango mpaka ukafunguliwa. Maneno yake yalirudi, ingawa si yote. Majirani waliona tofauti. Alikuwa anaanza sentensi, kisha anaiacha, akitazama mbali.

Jumamosi moja, karibu na chakula cha mchana, walikuwa kwenye chumba cha tanuri. Chiriku alipima sukari. Alivuta dawa kwenye sindano kwa kipimo chake. Kisha aliishusha mezani.

"Baba, leo nimechoka nayo," alisema. "Siwezi."

Baba aliacha kazi. Alijiandaa kama nesi alivyomfundisha, akapiga magoti mbele ya kigoda cha binti yake. Alikagua kipimo mara mbili. Mikono iliyokanda unga miaka yote ile ikashika sindano.

"Hapa?"

"Hapo. Sukuma polepole. Sasa hesabu mpaka kumi, usitoe haraka."

Baba alihesabu kwa sauti. Akaitoa.

"Imeuma?"

Kila siku, kwa kila mtu, Chiriku alikuwa akijibu kwamba haiumi.

"Imeuma, Baba," alisema, na machozi yakamtoka. "Inauma kila siku."

Baba hakumwambia kwamba si kitu. Hakumwambia kwamba atazoea. Aliketi chini karibu na kigoda, akaegemeza kichwa chake kwenye goti la binti yake, naye akalia. Dirishani mteja aliita, akaita tena. Mama alimwambia angoje kidogo.